Wekundu Kwenye Picha ya Setilaiti Si Mvua ya Mawe

Masika hayapiti bila mkulima wa chai wa Kericho au Nandi kuniletea simu yenye picha ya setilaiti iliyotapakaa rangi nyekundu, akitaka kujua kwa nini hakuonywa ilhali mawe yalikuwa "yanaonekana wazi".

Hayakuwa yanaonekana. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya Ikweta, hupima joto linalotoka kwenye kilele cha wingu, na programu ya simu hupaka wekundu mahali penye baridi kali. Katika tropiki mawingu ya radi hufika kimo cha kilomita 15 na zaidi, penye nyuzi 70 za sentigredi chini ya sifuri, kwa hiyo wingu lolote kubwa la alasiri litapakwa rangi hiyo, hata lile la Mombasa lisilodondosha punje moja ya barafu. Barafu huanza kuyeyuka ikishuka chini ya kimo cha kilomita 5 hivi. Kericho, iliyo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huipokea mapema, ilhali Pwani ina kilomita zote hizo za hewa ya joto za kuiyeyusha. Rangi haikuelezi hayo.

Cha kutafuta kwenye setilaiti ni kinundu kinachochomoza juu ya kilele kilicho tambarare, ishara kwamba hewa inapanda kwa nguvu, pamoja na kasi ya kilele kupoa kutoka picha moja hadi inayofuata. Hapo ndipo rada inapoulizwa kilichomo ndani: mwangwi, yaani wimbi la rada linalorudi, wa dBZ 55 au zaidi (dBZ ni kipimo cha nguvu yake) ukiwa juu ya kimo cha kuganda, kile cha kilomita 5 hivi, huku kinundu kikiendelea kujitokeza, ni jambo la kutolea onyo. Tena tafadhali, kabla ya kulalamika, soma saa iliyoandikwa kwenye picha! Mara nyingi ni saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Aidha, Meteosat iliyo juu ya longitudo 0 huitazama Kericho kwa mshazari, hivyo kilele cha kilomita 15 huonekana kilomita kama 13 mashariki ya mahali kilipo. Asiyesahihisha hilo ataulinganisha mwangwi wa rada na wingu lisilo lake.

Wapo pia wanaodhani kwamba zambarau ya rada, rangi ya mwangwi mkali, peke yake inatosha. Mvua kubwa nayo hurudisha mwangwi mkali. Rada inayotuma mawimbi ya mlalo na ya wima hutenganisha mvua na mawe, kwa sababu matone makubwa ya mvua hubapa yanapoanguka na kurudisha zaidi wimbi la mlalo, ilhali mawe hubiringika na kurudisha yote mawili karibu sawasawa.

Na hoja kwamba penye rada setilaiti haina kazi haina msingi: hata wimbi linalotumwa kwa nyuzi 0.5 tu, likifika umbali wa kilomita 200, limeshapanda kilomita 4 hivi juu ya rada kwa sababu ya mviringo wa dunia, na milima hulikinga kabla ya hapo. Ng'ambo ya mlima, kinundu cha kwenye setilaiti ndicho pekee tulicho nacho.