Kura ya deni la bandari: angalia nani analipa

Kuna mdau kaniuliza juzi, eti kule Marekani bandari ikitaka kukopa wananchi wanapiga kura? Deni likiwa la kulipwa na kodi, mara nyingi ndiyo, na kwa kuwa shughuli zangu ni hatifungani, yaani hati za kukopa hela kwa wawekezaji, swali hili nalipenda, maana watu wakisikia kura wanadhani wanaulizwa kama mradi ni mzuri, kumbe kinachoulizwa ni deni litoke mfuko wa nani.

Chukua San Francisco. Novemba 2018 wapiga kura waliletewa Pendekezo A, mji ukope dola milioni 425 kuimarisha ukuta wa bahari wa Embarcadero, pale ufukweni penye bandari ya mji. Ukuta wenyewe una kama maili 3, ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1870, mawe yamemwagwa kwenye tope la ghuba na nyuma yake ni kifusi, sasa tetemeko likipiga pale na reli zipo, mabomba yapo, nyaya zipo, we fikiria mwenyewe. Ilitakiwa theluthi mbili, ikapata zaidi ya asilimia 82. Yaani watu wamejipigia kura wakatwe kodi!

Ndiyo, kodi, kwa sababu deni hili linalipwa na kodi ya majengo, sio mapato ya bandari. Na wewe mpangaji usicheke, kule mwenye nyumba anaruhusiwa kumsukumia mpangaji nusu ya ongezeko hilo kwenye nyumba ambazo pango lake linadhibitiwa. Ila mji una utaratibu wa kutoa hatifungani mpya kadiri za zamani zinavyoisha, ili kiwango cha kodi kisizidi cha 2006, na mi naona hapo ndo wengi walilainika.

Zamani ilikuwa kinyume kabisa. Bandari ilikuwa ya jimbo hivyo ilipiga kura California nzima: 1892 dola 600,000 za kujenga Ferry Building, jengo la kituo cha vivuko, 1910 dola milioni 9 za kupanua bandari. Mkulima wa zabibu huko bara, bahari hajawahi hata kuiona, naye kapiga kura, lakini waliolipa ni wenye meli na mizigo kupitia tozo za bandari, yeye alikuwa kama mdhamini tu. Mji wenyewe ulikuja kukabidhiwa bandari 1969.

Huo mtindo wa deni kulipwa na mapato ya mradi wenyewe kwetu unafahamika, Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, 2024 walitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani na zinarudishwa na bili za maji. Kura haikuwepo, aliyepiga kura ni mwekezaji kwa hela yake.

Ila tusisahau, ile milioni 425 ni ya kuanzia tu, kazi nzima ya ukuta wakati ule ilikadiriwa kufika dola bilioni 5, kwa hiyo sitashangaa karatasi ya kura ikirudi tena mezani kwa watu walewale.