Kuchomoa Waya wa Betri Injini Ikinguruma Hakupimi Alteneta

"Fundi, nimeshachomoa waya wa betri na gari haikuzimika, kwa hiyo alteneta ni nzima." Maneno haya nimeambiwa tena wiki iliyopita hapa Chake Chake na mwenye kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) cha kuchukulia samaki kutoka Mkoani, na kwa kuwa ni mara ya tatu kwa mwezi mmoja, nimeona heri niyajibu kwa maandishi kuliko kubishana kila asubuhi mlangoni mwa gereji.

Jaribio hilo halithibitishi kitu kuhusu alteneta, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kutoa umeme wa gari na kuchaji betri. Alteneta yenye dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyoungua huweza kutoa umeme wa kutosha plagi na pampu ya mafuta, kisha ikashindwa usiku taa, feni na kiyoyozi vinapowashwa pamoja. Na alteneta nzima nayo huweza kuiacha injini izimike, kwa kuwa regyuleta yake, kidhibiti cha volti, inaitegemea betri kutuliza volti. Ni mazoea yaliyobaki kutoka zama za dainamo, jenereta iliyotumika kabla ya alteneta, gari zilipokuwa hazina kompyuta. Leo, ukiichomoa betri wakati alteneta inaichaji kwa nguvu, regyuleta haiwahi kupunguza, na kwa sehemu ndogo ya sekunde volti katika nyaya zinaweza kupita 40 kwenye mfumo uliozoea 14. Hapo huungua dayodi, redio, au kompyuta ya injini, ambayo bei yake sina haja ya kuwakumbusha. Tena betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja juu yake inatosha kuipasua. Wapo watakaosema wameifanya kazi hiyo miaka mingi bila ya madhara. Hao wamesalimika, lakini hawajapima.

Kinachopima ni mita ya volti, na hata ile ya bei ndogo inafaa. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, na iliyoshuka hadi 12.0 imekaribia kuisha. Washa injini: gari nyingi zitasoma kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa na feni, kanyaga akseleta kidogo, na utazame tena. Ikibaki chini ya 13 kuna kasoro, na ikipita 15 regyuleta imeharibika na betri itachemka. Wengi huishia hapo, nami naona ndipo kazi inapoanza. Taa na feni zikiwa bado zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya alteneta na ya pili kwenye nguzo chanya ya betri, kisha upime vivyo hivyo kutoka bodi ya alteneta hadi nguzo hasi. Upande wowote ukizidi takriban volti 0.3, umeme unapotea njiani, na hakuna alteneta mpya itakayouponya waya.

Kile kirikuu kilikuwa hivyo hasa: alteneta ilitoa 14.3, betri ikapokea 12.9, na waya wa ethi, unaounganisha nguzo hasi ya betri na bodi ya gari, chini ya sakafu ya mizigo, mahali maji ya barafu na chumvi yanapodondoka kila siku, ulikuwa umegeuka unga wa kijani. Mwenyewe alikwishanunua betri mbili. Katika visiwa hivi, ambako hewa yenyewe ina chumvi, mimi huanza na ethi kabla ya kugusa kitu chengine chochote.

Mengine ni mafupi. Taa ya betri ya dashibodi kutowaka safarini si ushahidi wa uzima: ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini lazima iwake, na isipowaka huenda globu imeungua. Betri iliyokwisha kabisa haijai kwa mwendo wa kutoka hapa hadi Wete. Inahitaji saa kadhaa, na ni bora ziwe za chaja kuliko za alteneta. Wala saruji hainyonyi betri iliyowekwa sakafuni, kwani betri hupungua yenyewe popote ilipo.

Kuna gari kadhaa za Kijapani za miaka ya karibuni ambazo kompyuta hupunguza kuchaji kwa makusudi betri inapokuwa imejaa, na mita ikasoma chini ya 13 bila ya ubovu wowote. Kabla ya kuifungua alteneta ya gari kama hiyo, washa taa kubwa na usubiri kidogo. Volti zikipanda, irudishe spana sandukuni.