Je, wajua? Kwa nini mkoko hufa ukipandwa karibu mno na bahari

Kwa miaka mingi niliamini mkoko ni mti wa maji, na kwamba ukiusogeza baharini ndipo unaponawiri. Kwa imani hiyo niliwahi kufuatana na kikundi kilichopanda miche kwenye tope tupu, maji yakiwa yamekupwa. Tukapiga picha. Mzee mmoja mvuvi akapita, akatazama, akauliza: "Wanangu, maji ya bamvua yafika wapi hapa?" Hakuna aliyejibu, ingawa bamvua ndiyo maji makubwa, yanayojaa kupita siku nyingine. Miezi michache baadaye palibaki vijiti.

Tuna wenzetu wengi. Ufilipino ilipanda mikoko kwa wingi, lakini mapitio ya mwaka 2008 yalikuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 tu iliyosalia baada ya muda mrefu. Sehemu kubwa ya miche iliwekwa kwenye tope la chini au kwenye majani ya bahari, mahali ambapo mikoko haijawahi kuota. Hilo tu lingetosha kutushtua: tope likikaa wazi miaka yote huku mbegu zikielea na kupita, lina sababu yake.

Sababu ni pumzi. Mkoko hauhitaji kufunikwa na maji, unavumilia tu. Ndani ya tope hakuna hewa (lichokonoe, linanuka yai viza), kwa hiyo mizizi huvuta hewa kupitia vitundu vidogo kwenye sehemu zilizo nje, maji yanapokupwa. Mfikirie mzamiaji wa pweza: anazama kwa pumzi moja, anaibuka, anajaza mapafu, anarudi chini. Kuzama hakumuui, kinachomuua ni kukosa nafasi ya kuibuka. Mkoko mkubwa una mizizi iliyopanda juu kama miguu ya kigoda, basi pua yake mara nyingi iko nje. Mche hauna miguu hiyo. Mwanasayansi Robin Lewis, aliyefanya kazi Florida, alionyesha kwamba mikoko hukaa sehemu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa, na hufunikwa na maji kwa takriban theluthi moja ya muda au pungufu. Mti wa "baharini", muda mwingi miguu yake iko hewani!

Mstari huo utaujuaje? Kwenye pwani ya Kenya, wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3; wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, ni ndogo zaidi. Mtaalamu hutumia kipimo cha usawa na jedwali la kupwa na kujaa. Mvuvi huhesabu mwezi: bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mkata boriti husoma miti yenyewe, kwa kuwa mikoko ni ya aina nyingi: mlilana mbele kabisa upande wa bahari, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu hujitokeza pande zote mbili. Msitu ni rula iliyokwisha kuchorwa. Sisi tulipanda mkoko chini hata ya mlilana.

Rula hiyo haisomeki sawasawa kila mahali. Majina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na mito na mchanga huvuruga mpangilio. Bahari nayo inapanda, kwa hiyo mstari aliofundishwa mzee utotoni huenda umesogea. Hapo kipimo cha mtaalamu kina kazi, kuona kama tope linajijaza kwa kasi ileile bahari inayopanda nayo. Likijaza mno pia ni balaa: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo katika mkono wa bahari wa Mwache, Mombasa, ukazika mizizi na kuua mikoko. Pumzi ileile, kizibo kingine.

Lewis aligundua jambo jingine: mara nyingi ukifungua mfereji ulioziba, maji yakarudi kama zamani, hakuna haja ya kupanda chochote. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikaanguka, ikaelea hadi ipate pake. Ila mfereji wa tope haupendezi kwenye picha.