Homoni za njaa na shibe: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Asiyepungua uzito hana nidhamu, basi."
Hili ndilo linaloumiza wengi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walitangaza ugunduzi wa grelini, homoni ya njaa itengenezwayo hasa na tumbo. Hupanda kabla ya mlo, hushuka ukishakula. Mtu akijinyima hadi kilo zikashuka, grelini yake hupanda kuliko mwanzo, huku homoni za shibe zikipungua. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 uliwafuatilia watu waliopungua kwa wiki 10 za mlo wenye kalori chache mno. Mwaka mzima baadaye homoni zao zilikuwa bado zinadai chakula, na wenyewe walisema njaa imewazidi. Mwili haujui kama umejinyima kwa hiari au umekosa chakula. Nidhamu yenyewe ipo, ila inapigana na kitu kisichochoka.

"Kwa hiyo wanene wana grelini nyingi."
La. Kwa kawaida wana kidogo kuliko wembamba. Ukitangaziwa kidonge cha "kuzima homoni ya njaa", shika pochi yako.

"Tumbo likijaa ndipo tunashiba."
Kujaa ni sehemu tu ya habari. Mafuta na protini vikifika mwanzoni mwa utumbo mdogo, hutolewa homoni ya CCK; huko chini zaidi, seli nyingine hutoa homoni za GLP-1 na PYY. Zinalichelewesha tumbo kumwaga chakula na kuuambia ubongo kwamba yatosha. Kuna upasuaji unaokipitisha chakula njia ya mkato hadi kwenye utumbo wa chini: baada yake GLP-1 na PYY hupanda sana kila mlo. Wengi wenye kisukari cha aina ya 2 huona sukari ikishuka ndani ya siku chache, kabla mizani haijasogea sana, ingawa kula kidogo mno siku hizo nako kunachangia.

"Leptini nayo hutoka tumboni."
La. Leptini, homoni nyingine ya shibe, hutoka kwenye mafuta ya mwili.

"Sindano za kupunguza uzito huchoma mafuta."
Hazichomi chochote. Semaglutidi, mojawapo ya dawa za sindano hizo, huiga GLP-1. Ile ya asili huvunjwa mwilini kwa dakika 2 hivi. Hii hudumu kiasi kwamba sindano moja kwa wiki inatosha. Unapungua kwa sababu unakula kidogo, na mara nyingi kichefuchefu huja pamoja nayo. (Dawa ya kwanza ya jamii hii, iliyoidhinishwa Marekani 2005, ilitokana na kemikali ya mate ya mjusi wa jangwani mwenye sumu.) Jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa 2021 lilionyesha wastani wa kupungua karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68.

"Ukishapungua, acha sindano, kazi imekwisha."
Baadhi ya watu wa jaribio hilohilo walifuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha. Theluthi mbili ya uzito waliopoteza ilikuwa imerudi.