Milango ya Seli katika Magonjwa ya Kinga Kujishambulia

Methotreksati, dawa ambayo mgonjwa wa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, humeza mara moja tu kwa wiki, haifanyi kazi mpaka ivuke utando wa seli, tabaka jembamba la mafuta lisiloruhusu kila kitu kupita. Kwa kuwa inafanana mno na vitamini ya foleti, dawa hiyo huingia kupitia protini ya usafirishaji, mfano wa mlango kwenye utando huo, ambayo kazi yake ya asili ni kuingiza foleti. Ikishaingia, seli huiunganishia mkia wa asidi ya glutamiki, na kadiri mkia unavyorefuka ndivyo dawa inavyoshindwa kutoka. Kwa hiyo dozi moja hutosha kwa siku 7, ingawa katika damu dawa hupungua upesi. Kuimeza kila siku kwa kukosea ni hatari, na kosa hilo limewahi kuua watu.

Utando huohuo una protini nyingine zilizo mfano wa pampu, ambazo hutumia nishati ya seli kutupa nje vitu vigeni, dawa zikiwemo. Mojawapo, P-glikoprotini, ilielezwa mwaka 1976 na Juliano na Ling nchini Kanada, walipokuwa wakichunguza seli zilizozoea sumu. Pampu hiyo hutoa hata baadhi ya dawa za steroidi, na huenda ni sababu mojawapo, wala si ya pekee, inayofanya wagonjwa wawili wanaotumia dozi ileile wapate nafuu tofauti.

Ugonjwa wenyewe nao hutegemea milango hii. Seli T, askari wa kinga wanaougeukia mwili wanaopaswa kuulinda, zikiamshwa huongeza kwenye utando wao kisafirishaji cha sukari kiitwacho GLUT1, kwa sababu kuongezeka na kushambulia kunahitaji nishati nyingi. Kukiziba kabisa si suluhisho jepesi, maana sukari hiyohiyo ndiyo inayoziwezesha seli hizo kupambana na vijidudu, na chembe nyekundu za damu pia hukitegemea.

Wakati mwingine kisafirishaji ndicho kinachoshambuliwa. Katika seli za kongosho zinazotengeneza insulini, protini ya ZnT8 huingiza zinki ndani ya vifuko ambamo insulini hufungashwa ikisubiri kuachiliwa. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya kwanza wana kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya ZnT8, na kingamwili hizo huweza kuonekana katika damu kabla mgonjwa hajaanza kusikia kiu wala kukonda.