Je, wajua kwa nini foleni ya magari inaweza kuwa mshenga?

Ipo hadithi fupi ya mapenzi ambayo wapenzi wenyewe hawachekeshi hata kidogo. Kijana anampenda msichana, anapata nafasi ya kukaa naye, anasema lake la moyoni, msichana anakubali. Ukisimuliwa hivyo utasema hongera zao, kisha utaendelea na shughuli zako. Kicheko kinakuja siku ya pili, wapenzi wakiwa hawapo kabisa, pale anapobisha hodi bwana mmoja mwenye mikono myekundu na tai ya buluu yenye madoadoa, kuja kudai hela zake.

Kwa nini tucheke hapo, na si kwingine? Jibu limo katika yale mambo matatu ambayo kila aliyesoma fasihi shuleni aliyakariri: ploti (mpangilio wa matukio), mandhari na wahusika. Shuleni tuliyapanga kama vikombe kabatini, kila kimoja na nafasi yake. Katika hadithi nzuri yanafanya kazi kwa zamu, na mara nyingine moja linaiba kazi ya jingine.

Hadithi yenyewe inaitwa Mammon and the Archer, ya Mmarekani O. Henry, ambaye jina lake la kuzaliwa ni William Sidney Porter (1862–1910). Imo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1906, The Four Million. Jina la kitabu nalo ni utani: palikuwa na msemo kwamba New York ina watu 400 tu wa kuhesabika, yeye akajibu kwamba wapo milioni 4. Mammon ni ile mali ambayo Biblia inasema huwezi kuitumikia pamoja na Mungu. Archer ni mpiga mishale, yaani Kupidi, kile kitoto cha uchi cha hekaya za Kirumi ambacho kikikupata na mshale wake basi umependa. Kwa hiyo kabla hujasoma sentensi ya kwanza umeshaambiwa nani anapigana na nani: fedha na mapenzi.

Mzee Anthony Rockwall alitajirika kwa kutengeneza sabuni. Sasa amestaafu, anaishi kwenye jumba kubwa, na majirani wa ukoo bora wanamkunjia pua. Mwanawe Richard anampenda Bi Lantry, msichana wa tabaka la juu ambaye muda wake umepangwa dakika kwa dakika. Keshokutwa mchana anapanda meli kwenda Ulaya, atakaa miaka 2. Richard ameruhusiwa kitu kimoja tu: kesho usiku ampokee stesheni kwa gari la farasi la kukodi na kumkimbiza kwenye jumba la tamthilia, ambako mama wa msichana na wenzake wanamsubiri. Dakika 6, labda 8. Nani anaweza kuposa kwa dakika 6? Kijana anamwambia baba yake kwamba hapo ndipo fedha inapokoma, kwa sababu haiwezi kununua hata dakika moja.

Jioni ya safari, shangazi Ellen, mama mpole mwenye kupenda sana habari za mahaba, anampa Richard pete ya dhahabu ya marehemu mama wa kijana huyo. Inaleta bahati katika mapenzi, anamwambia. Wakiwa njiani na Bi Lantry, pete inamdondoka kijana. Anasimamisha gari, anashuka, anairudia. Haijafika dakika moja amesharudi kwenye kiti. Lakini katika dakika hiyo tramu imesimama mbele yao. Dereva anajaribu kushoto, gari zito la mizigo linamkata. Anajaribu kulia, kuna gari la kuhamishia samani. Nyuma nako kumeziba. Wanakwama saa 2 nzima, na wakitoka humo wameshachumbiana.

Usiku huo shangazi anamwendea kaka yake kwa furaha: umeona, Anthony, pete ndogo ya mapenzi ya kweli imefanya kile ambacho mali yako isingeweza. Mzee anasema amefurahi kijana amepata alichotaka, kisha anaomba aachwe aendelee kusoma kitabu chake cha maharamia.

Hapo msimulizi anaingilia kati. Anakiri kwamba hadithi ingepaswa kuishia hapo, na kwamba yeye mwenyewe angependa iishie hapo kama msomaji anavyopenda. Lakini ukweli uko chini ya kisima, lazima tuufuate. Ndipo anapoingia Kelly, yule wa mikono myekundu.

Tuanze na mandhari, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mwanafunzi anaandika "mandhari ni mjini New York", anapata alama yake moja na kupita. Huo ni mji tu, na miji iko mingi. Tukio linatokea mahali mahususi, pale ambapo Broadway, Barabara ya Sita na Mtaa wa 34 zinakutana. O. Henry anapafananisha na msichana mwenye kiuno cha inchi 26 aliyejibana ndani ya mkanda wa inchi 22. Picha hiyo inachekesha, na papo hapo inakupa taarifa ya kihandisi: barabara tatu, nafasi haba, kitu kidogo tu na kila kitu kinakwama. Bila wewe kujua, umeshaandaliwa kuamini foleni kabla haijatokea.

Jaribu kuihamisha hadithi. Iweke bustanini: wapenzi wana muda wote duniani, hakuna hadithi. Iweke ndani ya meli: wamefungiwa pamoja siku nyingi, kijana hahitaji msaada wa mtu. Inatakiwa sehemu finyu inayotembea haraka kuelekea mahali ambapo msichana atachukuliwa na wengine. Gari la farasi ndilo hilo. Halafu sehemu hiyo hiyo ikisimama, inageuka kuwa chumba cha faragha katikati ya maelfu ya watu. Hakuna mama, hakuna wageni, hakuna ratiba. Hata Bi Lantry, kuona hakuna namna, anasema tamthilia zenyewe ni upuuzi tu na anaomba aione ile pete. Kazi ya kuwakutanisha watu wawili na kuwaachia nafasi waelewane ni kazi ya mshenga. Hapa mshenga ni foleni.

Na kama ilivyo kwa washenga wote, kuna aliyemtuma.

Kelly amekuja kufunga hesabu. Alipewa dola 5,000 taslimu, akalazimika kuongeza 300 kutoka mfukoni mwake kwa sababu kazi ilizidi makadirio. Magari ya mizigo na ya kukodi mengi aliyapata kwa dola 5 kila moja. Malori na magari ya farasi wawili yalidai 10. Madereva wa tramu nao 10, na baadhi ya magari yaliyosheheni 20. Polisi ndio waliomkamua zaidi: wawili aliwalipa 50 kila mmoja, wengine 20 na 25. Na vijana wake hawakufanya hata zoezi moja, anasema kwa majivuno, lakini walifika kwa wakati bila kukosea hata sehemu ya sekunde. Mzee anamrudishia 300 zake na kumpa 1,000 za kazi.

Kwa nini orodha ya bei ichekeshe namna hii? Nadhani ni kwa sababu inatumia lugha isiyostahili kwa jambo lililotokea. Sisi tumetoka kusikia habari za pete, bahati na mapenzi ya kweli, na sasa tunasomewa ankara. Nimejaribu hesabu mwenyewe: 5,000 na 300 na 1,000 ni dola 6,300. Ukizigawa kwa dakika 120 za foleni unapata dola 52 na senti 50 kwa dakika. Huyu ni mzee ambaye mwanzoni mwa hadithi alimwambia mwanawe kwamba sabuni ya zaidi ya senti 10 kipande ni kulipia manukato mabaya na nembo. Kwa senti 10 hizo, uchumba wa Richard umegharimu vipande 63,000 vya sabuni.

Hapo ndipo ploti inapojionyesha. Wasomaji wengi hawapendi sadfa. Mwandishi akikwama kisha mvua ikanyesha kumwokoa, tunahisi tumepunjwa. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishaona kwamba sadfa inayosisimua ni ile inayoonekana kana kwamba ina nia. Mfano wake ni sanamu ya Mitys mjini Argos, iliyomwangukia na kumuua mtu aliyemuua huyo Mitys. Sanamu haina nia, lakini tunaiona kama inayo. O. Henry ameigeuza: anatupa jambo lenye nia tangu mwanzo hadi mwisho, akalivalisha nguo za sadfa. Tunapolaumu moyoni kwamba foleni hii imekuja kwa urahisi mno, tunakuwa tumekanyaga mtego. Kelly anaingia kutuambia kwamba haikuja kwa urahisi, imekuja kwa bei.

Ukipangua mpangilio huo, kicheko kinakufa. Tuseme tungemwona Kelly akipewa fedha kwanza, kabla ya safari. Tungesoma sehemu ya foleni kwa taharuki: je, magari yatawahi, polisi watakubali? Ingekuwa hadithi ya njama, na pengine nzuri, ila si hii. Mambo ni yale yale, watu ni wale wale, kilichobadilika ni nani anajua nini wakati gani. Jinsi ilivyo sasa, Anthony peke yake ndiye anayejua, na baada ya ukurasa mmoja tunajiunga naye. Ndiyo maana ukirudia kuisoma unacheka mahali pengine kabisa: pale shangazi anapomhubiria kaka yake kuhusu udogo wa fedha, naye amekaa na koti lake jekundu la usiku, ananyamaza, anaomba arudi kwa haramia wake. Mara ya kwanza ulimwona mzee aliyeshindwa hoja. Mara ya pili unaona mtu anayejizuia.

Wahusika wenyewe ni wepesi. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, ndiye aliyetuachia mgawanyo wa mhusika bapa, mwenye sifa moja tu, na mhusika duara, mwenye sura nyingi, na alisema wahusika bapa hufaa zaidi wanapochekesha. Hapa tunao kwa wingi. Shangazi Ellen ni mahaba matupu. Kelly ni hesabu. Richard ni kijana mwema, basi. Bi Lantry hata jina lake la kwanza hatulijui, na sioni haja ya kumtetea mwandishi kwa hilo: msichana anayepiganiwa na mali na mishale angestahili kauli zaidi ya sentensi chache ndani ya gari.

Anthony ndiye tofauti, na tofauti yake iko katika namna anavyoamini. Si bahili, wala si mtu wa kujionyesha. Anatumia sabuni ile ile aliyoitengeneza. Anamsifu mwanawe kwa kutofuja. Anasema amepekua ensaiklopidia nzima hadi herufi Y akitafuta kitu kisichonunulika, na wiki ijayo anatarajia kuanza kiambatisho. Mtu anayefanya utafiti wa kweli kuthibitisha jambo la kipuuzi hachukizi, ingawa tungependa atuchukize. Tunamcheka na kumpenda kwa pamoja, na kwa hadithi ya mapenzi hilo ni muhimu zaidi kuliko kuwapenda wapenzi.

Kuna pengo moja ambalo wasomaji wengi hawalioni. Katika hadithi hii ya uchumba, uchumba haumo. Bi Lantry anaomba kuiona pete, na hapo hapo tunaondolewa garini. Tunaporudi ni saa 5 usiku na mambo yamekwisha. Hatusikii Richard alisema nini wala msichana alijibuje. Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alieleza kwamba kicheko kinahitaji moyo ufe ganzi kidogo. Ukihurumia sana au ukipenda sana, hucheki. Tungekaa garini kwa zile saa 2, tungeguswa, na Kelly angekuja kutuharibia. Kwa kutufungia nje, O. Henry anatubakizia ganzi ya kutosha.

Pengo hilo hilo linaacha kesi wazi. Fedha ilinunua muda, lakini maneno yalikuwa ya Richard, na pete ndiyo iliyomshusha garini pale pale Mtaa wa 34. Isingedondoka, je, vijana wa Kelly wangelinasa gari? Hadithi haisemi. Shangazi anaweza kuendelea kuamini lake hadi kufa kwake.

Mzee mwenyewe haoni shaka yoyote. Kelly akiwa mlangoni tayari kuondoka, anamuuliza swali la mwisho: pale kwenye foleni, hukuona kitoto fulani kinene, hakina nguo, kinarusha mishale kwa upinde? Kelly anashangaa. Hakukiona. Kama kilikuwa namna hiyo, anasema, huenda polisi walishakikamata kabla yeye hajafika.

Polisi wale wale wa dola 50.