Picha Yako katika Tangazo la Mwingine: Sheria ya Kenya Inasemaje?

Kukubali kupigwa picha si kukubali kila kitakachofanywa na picha hiyo baadaye. Tofauti hii, ambayo wengi huiona ndogo, ndiyo inayopuuzwa na mfanyabiashara anayempiga picha mteja akila, akisukwa au akijaribu nguo dukani, kisha akaiweka kwenye ukurasa wake wa Facebook kana kwamba sura ya mteja ni sehemu ya bidhaa zake.

Msingi wa haki hii umo katika Katiba ya mwaka 2010, ambapo Ibara ya 28 inalinda utu wa kila mtu na Ibara ya 31 inalinda faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ndiyo iliyoipa haki hiyo meno. Kwa mujibu wake, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, sawa na nambari ya kitambulisho chake, na kifungu cha 37 kinakataza data hiyo kutumiwa kibiashara bila ridhaa ya wazi ya mwenyewe, isipokuwa sheria nyingine iwe imeruhusu na mhusika awe amefahamishwa. Kimya hakihesabiki kuwa ridhaa. Kwa maoni yangu, hata ilani ndogo iliyobandikwa mlangoni kwamba wageni hupigwa picha haimtoshelezi mwenye biashara anayetaka kuitumia sura ya mgeni katika tangazo.

Walalamishi wengi huja wakiwa na hofu kwamba hawana ushahidi wa kuonyesha kuwa hawakukubali. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu kifungu cha 32 kinamtwika mzigo wa kuthibitisha ridhaa yule anayeitumia data, si mwenye sura. Kifungu hichohicho kinamruhusu aliyekubali jana kuiondoa ridhaa yake leo, ingawa kuiondoa hakuharamishi yaliyokwisha kufanywa kihalali.

Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuwa imeitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mitandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Shule ya Roma iliyoko Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Si ajabu kwamba mzigo wa shule ulikuwa mzito zaidi, maana mtoto hawezi kujitolea ridhaa. Kifungu cha 33 kinataka itolewe na mzazi au mlezi, tena matumizi yenyewe yalinde maslahi ya mtoto. Walimu wakuu waliozoea kupamba matangazo ya kusajili wanafunzi kwa nyuso za watoto waitazame upya desturi hiyo.

Hata hivyo, faini hailipwi mlalamishi. Anayetaka kulipwa kwa madhara aliyoyapata, yakiwemo maumivu ya moyo, hutegemea kifungu cha 65 kuhusu fidia, na ni vyema aiombe fidia hiyo waziwazi katika malalamiko yake.

Sheria ina mipaka yake. Picha za harusi zinazohifadhiwa nyumbani haziguswi, na uandishi wa habari wenye maslahi ya umma una msamaha wake. Mpiga picha naye anaweza kuwa na hakimiliki ya picha, lakini hakimiliki hiyo haimpi ruhusa ya kuuza sura ya mtu kwa kampuni ya matangazo.

Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna kwa maandishi au kwa mdomo, na yakitolewa kwa mdomo ofisi inawajibika kuyaandika. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90, na asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni la mpangilio: mtu hukasirika, akapiga simu kudai picha iondolewe, ikaondolewa saa hiyohiyo, naye akabaki mikono mitupu. Kwanza hifadhi picha ya skrini inayoonyesha jina la ukurasa na tarehe, nakili kiungo chake, na kama ni bango la barabarani lipige picha pamoja na mahali liliposimama. Ndipo uandike barua ya kutaka tangazo liondolewe.